Jiko la mama, ukuta wa kaka, vigae vya wifi

SWALI

Mpendwa mshauri,

Naishi na mama yangu kwenye fleti ya zamani, ghorofa ya tatu. Jiko halijaguswa tangu jengo lijengwe, zaidi ya kupakwa rangi juu ya rangi. Lina urefu wa mita 3.1 na upana wa mita 2.4. Sinki na jiko la gesi viko kwenye ukuta mmoja mrefu, na ukuta mrefu wa pili ndio unaotutenganisha na sebule. Dirisha liko ukuta mfupi, mlango unatazamana nalo.

Tulikubaliana kulikarabati kidogo kidogo kwa fedha za kuchangishana, na hiyo "kidogo kidogo" ndiyo imetuponza. Kaka yangu haishi hapa, ila ametuma sehemu kubwa ya mchango, na anataka ukuta wa sebuleni uvunjwe jiko liwe wazi. Wifi, kwa nia njema kabisa, ameshanunua katoni 6 za vigae vya sentimita 60 kwa 60, vinang'aa kama kioo, anasema ni vya sakafu. Kila katoni ina vigae 4. Mjomba, yaani mdogo wake mama, ni seremala mstaafu na amejitolea kufanya kila kitu bure: makabati, mabomba, vigae, hata umeme. Huja Jumamosi tu. Juzi aling'oa kabati la chini ya sinki, nyuma yake tukakuta ukuta mweusi kwa ukungu, lipu inabomoka ukiigusa kwa kidole. Yeye anasema tupige lipu mpya juu yake, tusonge mbele.

Mama hataki makabati yake yatupwe. Anasema ni mbao ngumu, yatatuzika sote. Pia kila siku analalamika kwamba kaunta iko juu mno, mabega yanamuuma akikatakata, lakini hakuna anayemsikiliza kwa kuwa hakuchanga.

Maji yanatoka kwa unyonge na asubuhi yana rangi ya kutu. Soketi ni mbili, moja iko juu ya sinki, na friji, birika na oveni ndogo vyote vinaning'inia kwenye ekstensheni moja. Fedha hizi zikiisha hakuna nyingine. Tuanzie wapi, na nimwambie nani nini bila kuvunja undugu?

Niliyezingirwa na Mafundi

JIBU

Dada yangu,

Tuanze na huo ukuta mweusi, maana mpaka ukauke hakuna fundi mwenye haki ya kufunika kitu humo ndani. Lipu mpya haishiki juu ya lipu iliyooza. Itatoa mabaka ndani ya miezi michache, na safari hii yatakuwa nyuma ya kabati lililokwisha kufungwa. Hapo mzuie mjomba, kwa heshima zote.

Unyevu nyuma ya sinki huwa na chanzo kimoja kati ya vitatu, na kila kimoja kina kipimo chake kisichogharimu kitu. Cha kwanza ni mita ya maji. Usiku, mkishamaliza kazi zote, funga koki inayojaza tangi la choo (hilo huvuja kimyakimya na litakupa jibu la uongo), kisha andika namba za mita. Zisome tena alfajiri kabla mtu hajafungua bomba. Zikiwa zimesogea, kuna bomba la maji safi linalovuja, na kwa mabomba ya chuma ya umri huo mshukiwa wa kwanza ni kiungo kilichozikwa ukutani. Mita ikiwa imetulia, jaza sinki mpaka karibu na ukingo, lizibue kwa mpigo, na mulika tochi chini. Bomba la maji machafu linaweza kuonekana kavu siku nzima kwa matumizi madogo madogo, likavuja tu linapobeba maji mengi kwa pamoja. Cha tatu ni kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50. Kibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne, karibu na doa lakini mahali ambapo lipu bado imeshika, ukiache saa 48. Umande ukikaa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukikaa upande wa chumbani, ni mvuke wa mapishi unaogusa ukuta baridi, na tiba yake ni kupitisha hewa: makabati yasibanane na ukuta, na pawe na feni ya kutolea mvuke nje.

Chanzo kikishazibwa, lipu mbovu itoke yote. Usikwangue doa peke yake, vuka mpaka wake kwa sentimita 30 kila upande, hadi kwenye tofali. Kisha ukuta uachwe wazi, dirisha wazi, feni ikipuliza. Tofali lililolowa miaka huhitaji wiki kadhaa, na kile kipande cha nailoni ndicho kitakachokuambia limekauka lini. Wiki hizo hazipotei. Ndizo za mabomba, nyaya, na makabati ya mjomba.

Tahadhari moja kabla hamjakwangua zaidi. Kwa kuwa jengo ni la zamani, rangi za chini kabisa huenda zina madini ya risasi, na vigae vyembamba vya plastiki vya sakafuni pamoja na gundi yao nyeusi huenda vina asbesto. Rangi hiyo isisuguliwe ikiwa kavu: iloweshwe, ikwanguliwe ikiwa imelowa, uchafu uingie kwenye mfuko na kufungwa. Vigae vya namna hiyo visivunjwe wala kusagwa. Kama vimeshika imara, hufunikwa vikiwa hapo hapo. Mama na watoto, kama wapo, wasiwe ndani siku hizo.

Sasa fedha. Shida ya kuchangia kwa vitu, huyu vigae, yule kabati, ni kwamba kila mtu hununua kinachoonekana. Hakuna aliyewahi kupiga picha bomba la maji machafu akamtumia ndugu yake ajivunie. Kwa hiyo michango yote iingie mfuko mmoja, na mfuko utumike kwa mpangilio wa kazi, bila kujali nani alitoa nini. Ugawe mafungu kumi, ujira wa mafundi ukiwa ndani ya kila fungu: matatu kwa unyevu, mabomba na umeme, matatu kwa makabati, kaunta na sinki, mawili kwa sakafu, vigae vya ukutani na rangi. Mawili yaliyobaki hayaguswi mpaka ukuta wa mwisho ufungwe. Katika jengo la umri huo, fungu la akiba huliwa karibu kila mara, na hulika kwenye kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Ukuta wa kaka ubaki. Katika majengo ya zamani ukuta wa tofali unaweza kuwa umebeba sakafu ya jirani wa juu hata kama unaonekana wa kawaida. Kuugonga kwa ngumi na kusikiliza si kipimo. Anayeweza kusema ni mhandisi aliyeona michoro au aliyekagua jengo, na bado wasimamizi wa jengo lazima waruhusu. Hata ukiwa haubebi chochote, hesabu kinachofuata baada ya nyundo: kifusi cha kushusha ghorofa tatu, kovu refu sakafuni na darini la kuzibwa, soketi za sebuleni zilizokuwa kwenye ukuta huo kuhamishwa. Na mnapoteza mita 3.1 za mahali pa kuegemeza vitu. Jiko lenu lina upana wa mita 2.4. Ukitoa sentimita 60 za kaunta, zinabaki mita 1.8. Rafu zenye kina cha sentimita 30 kwenye ukuta huo huo wa kaka zitaacha njia ya mita 1.5, watu wawili wanapishana bila kugusana, na friji ikisimama mwisho wa ukuta bado inabaki njia ya zaidi ya mita moja. Ukuta huo una faida kubwa ukiwa umesimama.

Kaka anachotaka, nadhani, ni mwanga na nafasi. Tazameni mlango: ukifungukia ndani, unameza nafasi ya karibu sentimita 70 hadi 80 kila unapofunguliwa. Kuutoa, au kuweka wa kuteleza, kunafungua jiko kwa kazi ndogo kuliko kuvunja ukuta. Mwandikie hivi: "Kaka, wazo nimelipokea. Mhandisi akiandika kwamba ukuta haubebi kitu na wasimamizi wakiruhusu, tutauvunja awamu ya pili kwa fedha za awamu ya pili." Hujamkatalia, na mzigo wa uthibitisho umempa yeye.

Mabomba. Maji ya kutu na yenye unyonge mara nyingi maana yake bomba la chuma limejaa kutu kwa ndani. Bomba la nusu inchi huweza kubakiwa na tundu la kupitisha penseli. Kubadilisha bomba la juu (la kufungulia maji) peke yake hakutasaidia kitu. Wekeni PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa moto) ya milimita 20 kuanzia linapoingilia fleti hadi jikoni, koki moja ya kufungia mwanzoni mwa mstari na mbili ndogo chini ya sinki. Msichimbe ukuta. Bomba lipite juu ya ukuta, nyuma ya makabati ya chini, lishikwe kwa vibanio kila sentimita 50 hadi 60. Makabati yakikaa sentimita 5 mbele ya ukuta, bomba linajificha, hewa inapita, na siku likivuja mtaliona. Hilo peke yake linapunguza siku mbili za kuchimba na kupiga lipu.

Simama karibu fundi anapounganisha. Mashine ya kuunganishia PPR hufikia nyuzi 260, na bomba la milimita 20 hukaa kwenye moto kama sekunde 5 tu. Akizidisha, plastiki huyeyuka ikajikunja ndani na kuziba nusu ya tundu, nanyi mtarudi kwenye unyonge ule ule mkiwa na mabomba mapya. Akishachomeka asizungushe, ashike wima mpaka kiungo kipoe. Pete ya plastiki inayotokeza pembeni iwe sawa kuzunguka kiungo chote. Mkimaliza, zibeni ncha zote, fungueni maji, muache usiku kucha huku kila kiungo kimezungushiwa karatasi ya chooni. Tone dogo kabisa litaonekana kwenye karatasi kabla halijaonekana kwa macho.

Bomba la maji machafu liwe la milimita 50, lenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Kama kutoka sinki hadi bomba kuu ni mita 1.8, mwisho wake uwe chini kwa sentimita 3.6 kuliko mwanzo. Pimeni kwa pimamaji, msikadirie kwa jicho. Mteremko ukiwa mdogo, mafuta hutulia na kuganda. Ile kona ya chini ya sinki inayobakiza maji isiondolewe hata ikikosesha nafasi ya droo, kwa sababu ndiyo inayozuia harufu ya bomba kuu isipande. Na hii ndiyo sababu nyingine ya kutohamisha sinki: kila mita linayosogea mbali na bomba kuu inadai mteremko wake. Siku ya kugusa bomba kuu mjulisheni jirani wa chini. Ndiye atakayepata maji kwanza.

Umeme usifanywe na mjomba. Anayeujua kidogo ni hatari kuliko asiyeujua kabisa, kwa kuwa asiyeujua haugusi. Tafuteni fundi mwenye leseni, aanzie kwenye kisanduku cha fyuzi. Friji ipate saketi yake. Soketi za kaunta zipate nyingine, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5. Mkitarajia oveni kubwa au jiko la umeme, lipate waya wake mnene peke yake, kwa kawaida milimita za mraba 6. Kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30, kiwepo. Hicho ndicho kinachomwokoa mtu aliyeshika birika kwa mkono uliolowa. Soketi zikae sentimita 15 hadi 20 juu ya kaunta, angalau sentimita 60 kutoka ukingo wa sinki, na isiwepo hata moja juu ya moto. Hiyo ya juu ya sinki ifutwe. Nne za kaunta na moja ya friji zinatosha jiko la ukubwa wenu.

Tuje kwa mama, ambaye mnamwacha mwisho na ndiye aliyesema maneno mawili ya maana kuliko wote. Mwambie asimame wima akiwa na ndala anazovaa jikoni, akunje mkono, kiwiko kiwe pembe mraba. Pima kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko, utoe sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo kaunta yake inapotakiwa kuwa. Kama kiwiko kiko sentimita 97, kaunta ni 85 hivi, na za zamani mara nyingi ni 90 au zaidi. Mabega yake hayadanganyi.

Kisha chukua bisibisi ya kichwa bapa, uisukume kwenye mbao za makabati yake, hasa sentimita 10 za chini na zile pembe za nyuma. Isipozama zaidi ya milimita moja au mbili, mbao ni nzima. Ikizama kama kwenye sabuni, imeoza. Naweza kutabiri mtakachokuta: makabati ya juu mazima, ya chini mazima isipokuwa misingi yanayosimamia, iliyonywa maji ya kudekia kwa miaka, na lile la chini ya sinki ambalo limekwisha. Msumeno utakaoondoa msingi uliooza ndio huo huo utakaoshusha kaunta. Kateni msingi, fungeni miguu ya plastiki inayorekebishika ya sentimita 10, nyanyueni au shusheni mpaka juu pafikie urefu wa kiwiko cha mama ukitoa unene wa kaunta. Makabati ya mama yanabaki na mabega yanapona kwa mkato mmoja.

Lile la sinki litengenezwe upya, upana wa sentimita 80. Ubao mmoja wa sentimita 244 kwa 122, unene wa milimita 18, unatosha: mbavu mbili za sentimita 52 kwa 72, kitako cha 52 kwa 76.4, taruma mbili za juu za kuunganisha mbavu, na milango miwili ya karibu 40 kwa 72. Chagueni plaiwudi, au MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya kustahimili unyevu, ambayo mara nyingi kiini chake hutiwa rangi ya kijani ili itambulike. MDF ya kawaida chini ya sinki huvimba kama mkate. Kila ukingo uliokatwa uzibwe kwa utepe au vanishi mara mbili, hata ule usioonekana, hasa huo. Bawaba za kikombe za milimita 35 hudai tundu la kina cha milimita 12 hadi 13. Zungusheni utepe kwenye kekee ya drili kuonyesha kina hicho, la sivyo mtatokea upande wa pili wa mlango.

Hii ndiyo kazi ya mjomba, na mpe kwa sherehe. Ugumu wa fundi wa bure ni kwamba hawezi kuharakishwa wala kukemewa, na Jumamosi moja kwa wiki inageuza kazi ya wiki tatu kuwa ya miezi minne, mama akipikia koridoni. Makabati yana sifa moja nzuri: yanaweza kutengenezwa mahali pengine, nje ya fleti, huku ukuta ukikauka na mabomba yakiwekwa. Hamna anayemngoja mwenzake. Mama ndiye amwambie, ni mdogo wake: "Sitaki mtu mwingine aguse makabati yangu. Hayo mengine waachie vijana." Mpatie orodha ya vipimo kwa maandishi, tarehe ya kuyaleta, na bahasha mwishoni hata kama atakataa mara mbili. Kazi iliyolipwa, walau kidogo, mtu anaweza kuomba irekebishwe.

Vigae vya wifi. Idadi inatosha: vigae 24 ni mita za mraba 8.64, sakafu yenu ni 7.44, na ukiongeza asilimia 10 ya kuvunjika na kukata inafika kama 8.2. Kilichokosewa ni mng'aro. Kigae kama kioo, tone la mafuta, na mama mwenye ndala: hapana. Lakini tazama ukuta wa sinki. Kati ya kaunta na makabati ya juu mtaacha sentimita 55. Kigae cha 60 kinaziba pengo hilo kwa safu moja, sentimita 5 za juu zikijificha nyuma ya kabati, na kwa urefu wa mita 3.1 vinahitajika 6, cha sita kikiwa kipande. Ongeza kimoja cha pembeni palipo na jiko la gesi. Jumla 7, yaani katoni 2, kimoja kikibaki cha akiba. Katoni 4 zikiwa bado hazijafunguliwa, mwombe wifi azirudishe au azibadilishe kwa vigae vya sakafu visivyoteleza, vya sentimita 30 kwa 30, mita za mraba 8.2. Aangalie namba ya toleo kwenye kila katoni iwe moja, kwa sababu rangi hutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo na tofauti huonekana vikishakaa sakafuni. Vigae vyake vitakaa mahali panapoonekana kuliko pote jikoni. Mwambie hivyo, ni kweli.

Kigae cha 60 kwa 60 kina uzito wa kilo 7 au 8, kwa hiyo hakishiki juu ya rangi ya mafuta. Ukuta ugongwe kwa tindo uwe na makovu, vumbi lifutwe, ndipo gundi. Tumieni mwiko wa meno ya milimita 10, na mpake safu nyembamba mgongoni mwa kigae pia. Kwa sakafu, mwiko wa milimita 8 unatosha. Kwa kazi zote mbili nunueni gundi kilo 50 hivi. Matundu ya soketi yatobolewe kwa kikata cha almasi, drili ikiwa haijawekwa kwenye kugonga, maji yakidondoshwa taratibu. Hapo ndipo kigae cha akiba huliwa. Grauti, ile ya kujaza mianya kati ya vigae, ingoje saa 24.

Sakafu ya zamani, kama si ile ya plastiki niliyoitaja, igongeni kwa sarafu kigae kwa kigae. Vinavyotoa sauti ya utupu ving'olewe na pazibwe. Vingine vinaweza kubaki, vipya vikae juu yake baada ya kuoshwa mafuta na kupakwa kishikizo cha gundi. Sakafu itapanda kama sentimita moja na nusu, kwa hiyo mlango ukibaki utakatwa chini, na urefu wa kaunta upimwe kutoka sakafu mpya. Wekeni vigae hadi ukutani, chini ya makabati pia. Wanaoishia kwenye miguu ya kabati huokoa vigae vichache, kisha kila uvujaji wa sinki hunywewa na saruji tupu.

Mpangilio basi unakuwa huu: kung'oa, kutafuta unyevu, mabomba na nyaya, lipu (saruji moja kwa mchanga tano, ikimwagiwa maji siku kadhaa isikauke kwa pupa), sakafu, rangi ya dari, makabati ya chini, kaunta, vigae vya ukutani vikisimama juu ya kaunta, makabati ya juu, kisha sinki, bomba na soketi. Anayetaka kubadilisha jambo baada ya lipu kupigwa, analipia yeye. Sentensi hiyo iandikwe na kubandikwa kwenye mlango wa friji kabla ya siku ya kwanza, jina la mwamuzi mmoja likiwa chini yake. Napendekeza liwe lako, na mama awe na kura ya turufu.

Jiko la muda wekeni karibu na dirisha. Mtungi wa gesi usilale chumbani. Ukihamishwa, viungo vipakwe povu la sabuni. Penye mapovu yanayokua, pafungwe upya kabla ya kuwasha. Mtungi ukirudi ndani ya kabati, kabati liwe na matundu chini kabisa, kwa kuwa gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hukaa sakafuni.

Kuhusu kaunta, msiagize kabla ya kupima ngazi. Kipande cha mita 3.1 kinaweza kushindwa kukata kona ghorofa ya pili, nanyi mko ya tatu. Kikibidi kuwa viwili, kiungo kikae juu ya ubavu wa kabati, angalau sentimita 30 kutoka ukingo wa sinki. Graniti ya sentimita 2 kwa urefu wenu ni takriban kilo 100. Makabati ya mama yanaweza kuibeba yakiwa sawa na pimamaji, ila mfuko wenu sidhani. Ubao wa kaunta uliofunikwa laminati (ngozi ngumu ya plastiki) unatosha, kwa sharti la tundu la sinki. Ukishalikata, ule ukingo mbichi wa ndani upakwe vanishi mara mbili, ukauke, kisha silikoni izungushwe kabla sinki halijashushwa. Karibu kaunta zote za namna hii zinazokufa, hufia hapo.

Na mwisho kabisa, mstari wa silikoni kati ya kaunta na vigae. Acheni mwanya wa milimita 3, msiujaze grauti, maana kaunta hucheza na grauti hupasuka. Jazeni sinki maji kwanza ili lishuke kwa uzito wake, pakeni silikoni, ilainisheni kwa kidole kilicholoweshwa maji ya sabuni, na maji yakae sinkini mpaka kesho yake.